Jina Lisilo Kwenye Daftari la Geti

Kisa hiki hakikumpata rafiki wa rafiki. Kilinipata mimi, saa kumi mchana, hapa Makoko, Musoma. Kama si aibu ningekuwa nimeshakisimulia siku nyingi.

Mimi ni mwenyekiti wa wapangaji kwenye ghorofa letu. Geti letu linafunguka kwa alama ya kidole, na sheria zake niliziandika mwenyewe: hapa ni makazi, biashara marufuku, mifugo marufuku, na mgeni haingii mpaka mwenyeji wake awe kwenye daftari. Mama wa ghorofa ya chini aliyekuwa anauza samaki aina ya sato mlangoni nilimsimamisha mimi. Nilijiona mtu wa maana sana.

Siku hiyo kamati ilikuwa imekaa sebuleni kwangu, simu nimeizima tangu asubuhi, suti nimeivaa. Kengele ya geti ikalia.

"Mwenyekiti, kuna mama hapa anamtafuta Wambura," mlinzi akasema kwenye spika ya geti. "Na hapa watu wanaingiaga kwa jina la kwenye daftari."

Nikatazama kioo cha kamera. Alikuwa shangazi yangu wa kijijini Mugeta, aliyenilea. Miguu peku, kibuyu cha maziwa mgando kichwani. Wambura ndilo jina alilonipa nilipozaliwa siku ya mvua. Mjini hakuna anayelijua.

"Wambura, baba, nimekuja nikuone," akasema.

Wajumbe wote walikuwa wananiangalia. Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Mama, hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Akakiweka kibuyu sawa kichwani. "Haya. Kama hayupo, hayupo."

Kikao kilipoisha nilishuka mbio. Hayupo, si getini, si barabarani. Nikawasha simu ili nimtafute, na kaka yangu akawahi kupiga kutoka Mugeta.

"Mbona hupatikani tangu asubuhi? Shangazi amefariki alfajiri. Usiku kucha alikuwa anasema atakuja kukuona."

Nikaomba daftari la mlinzi. Saa kumi na dakika tano, kwa mwandiko wake: Mgeni wa Wambura. Amerudi alikotoka.

Msibani sikumwambia mtu. Niliporudi, geti likakataa kidole changu. Fundi alibadilisha mashine mara mbili. Wapangaji wote wanapita, hata waliohamia juzi, isipokuwa mimi. Jioni moja, majirani wamejipanga nyuma yangu, niliinama kwenye spika nikasema, "Mimi ni Wambura." Likafunguka. Niamini.

Tangu hapo ndivyo ninavyoingia, kila siku, kwa sauti, mama wa sato akinisikia. Nikinong'ona halifunguki.

Kwa hiyo wewe mwenye geti, ukisikia mtu anakuulizia kwa jina la nyumbani, shuka ukamfungulie, hata kama una wageni wakubwa kiasi gani. Mimi sasa nalitaja jina langu mbele ya kila mtu. Ila aliyenipa hayupo kulisikia.