Oili Iliyoongezeka Yenyewe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado napandwa na hasira, na anayenikasirisha ni mimi mwenyewe. Sikuwa na nia ya kukusimulia. Lakini jana ulinisomea ulichoandika kwenye simu kuhusu fundi wako wa Kinoo, ukicheka, na mimi nikashindwa hata kumaliza chai. Kwa hiyo kaa, weka simu chini, unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka Mombasa kuja kukaa Parklands kwa Ami yangu, ndugu wa marehemu baba, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Ami alikuwa na gari jeupe, kuukuu lakini safi, na alinipa kazi niliyoiona cheo kikubwa. Kila Ijumaa asubuhi, kabla injini haijawashwa, nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, kisha nikakichomoa tena kutazama oili imefika wapi.

Siku hizo kila mwenye gari kuukuu alilalamika kwamba linakunywa oili. La Ami halikunywa. Wiki ya kwanza oili ilikuwa kwenye alama ya juu, wiki ya pili ilikuwa imepita alama, ya tatu ikapita zaidi. Sikujiuliza inatoka wapi. Nikamwambia Ami mezani kwamba gari lake lina baraka, oili haipungui bali inaongezeka. Alifurahi sana, Mungu amrehemu. Akawasimulia watu nje ya msikiti baada ya sala, nami nimesimama kando yake kifua mbele, kama kwamba ile oili naikamua mwenyewe.

Fundi wetu, hata wa kubadilisha oili, alikuwa Mwangi, mwenye kiwanja kidogo cha kutengenezea magari kando ya barabara pale Kinoo. Ami ndiye aliyemtangaza kwa watu. Familia nyingi za pwani zilizokaa Parklands zilipeleka magari kwake kwa neno la Ami tu. Basi nikampelekea gari arekebishe breki. Hakuna aliyemwomba aguse injini, lakini Mwangi hakuweza kuiona boneti bila kuifungua. Akachomoa kijiti, akanusa. Akaisugua oili kwa vidole viwili. Halafu akadondosha tone moja kwenye kipande cha gazeti, tukasimama tukilitazama. Katikati palibaki doa jeusi, na pembeni yake likatanuka duara jepesi, rangi ya chai ya rangi, linalonuka petroli.

"Kijana, oili haiongezeki yenyewe," akaniambia. "Hii ni petroli inaingia. Nafikiri pampu imepasuka ndani. Niachie hii gari mpaka kesho, na umwambie mzee asiendeshe."

Akanieleza polepole, maana aliona sielewi. Magari ya wakati ule yalikuwa na pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa injini, na ndani yake mna utando wa mpira. Utando ukipasuka, petroli inateremka kwenye oili. Oili ikishakuwa nyepesi hivyo haivilindi tena vyuma, vinaanza kusagana. Nilielewa kila neno, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimwambia nitamfikishia mzee ujumbe, nikachukua gari na breki zake mpya, nikaondoka.

Sikumfikishia. Ningemwambia nini Ami, kwamba baraka niliyomsifia ni petroli? Kwamba wale wote aliowasimulia nje ya msikiti wamesimuliwa upuuzi wangu? Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake nikajiambia mafundi wote wanapenda kujitafutia kazi. Ona jinsi uoga unavyojua kujivika nguo za busara.

Siku nne baadaye tulikuwa tunakwenda kuhani msiba Kikuyu, mimi nikiendesha, Ami kando yangu, shangazi nyuma. Tulipoupanda mlima baada ya Kangemi injini ikaanza kugonga, ngo ngo ngo, kisha ikazima na haikuwaka tena. Ami akashuka na kanzu yake nyeupe, akafungua boneti, akachomoa kijiti mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Harufu ikamjaa usoni.

"Mwangi ndiye aliyetubadilishia oili," akasema. "Ametutilia takataka."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na maneno yote ya Mwangi kinywani. Nikayameza.

Ijumaa iliyofuata Ami alimwita Mwangi Parklands. Alikuja na nguo zake safi za kanisani, maskini, akidhani anaitwa kupewa kazi. Ami akamkuta nje ya msikiti watu wakitoka, akamshutumu pale pale, mbele ya wale wale wenye magari, kwamba anauza oili iliyochanganywa na petroli. Mwangi hakupandisha sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, muulize huyu kijana wako nilimwambia nini."

Watu wote wakanitazama. Ami naye akanitazama. Na mimi, mwanangu, mimi unayeniita Babu na kuniamkia kila asubuhi kwa heshima, nikasema, "Sikumbuki."

Mwangi akavaa kofia yake, akaondoka.

Gari lilivutwa kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Kisikh hapo hapo Parklands. Nilipokwenda kulifuata akaniwekea mkononi ule utando, mpira mweusi upana wa kiganja, umepasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Akaniuliza nani alikuwa akipima oili ya gari hili. Nikautia mfukoni, nikamwambia Ami kwamba injini imesagika, bila kuitaja pampu. Utando huo ninao mpaka leo, uko kwenye droo ya kitanda changu, ukitaka nitakuonyesha.

Kabla mwezi haujaisha hakuna gari la mtu wetu hata moja lililokanyaga kiwanja cha Mwangi. Kuna siku nilipita Kinoo nikakuta pamefungwa kwa mabati. Ami alifariki akiamini kwamba Mwangi ni tapeli. Baada ya mazishi yake ndipo nikapata ushujaa, ushujaa wa mtu ambaye hana tena wa kumwogopa, nikamtafuta Mwangi mpaka nikampata Dagoretti, akitengeneza malori yanayoleta ng'ombe machinjioni. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nilikumbuka, nilikumbuka kila kitu, na naomba anisamehe.

Akafuta mikono yake kwa kitambaa.

"Uliniharibia jina mbele ya watu," akasema. "Sasa unanisafisha huku nyuma ya lori, peke yetu. Nimekusamehe. Lakini watu wale wako wapi?"

Akarudi chini ya lori lake. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehama, na waliobaki hawakukumbuka hata jina lake, walikumbuka tu kwamba palikuwa na fundi mmoja mwizi Kinoo.

Sasa wewe. Umeandika kwenye kundi la majirani, nyumba nzima ya ghorofa inasoma, kwamba fundi wako amekuuzia oili bandia kwa sababu inanuka petroli. Nikakuuliza kama gari linatetemeka asubuhi, ukasema ndiyo. Nikakuuliza kama fundi alikwambia lolote, ukajibu bila hata kuona haya, "Babu, alisema plagi moja haichomi, nikamwambia nitarudi." Hukurudi! Petroli isiyochomwa inateremka kando ya pistoni, inaingia kwenye oili, na hiyo ndiyo harufu unayoinusa. Alikwambia mapema. Na unakumbuka, kama mimi nilivyokumbuka.

Basi shika haya. Chomoa kijiti injini ikiwa baridi. Ukiona oili imepanda, usishangilie. Inuse, isugue vidoleni, dondosha tone kwenye karatasi. Ikinuka petroli, usiliwashe gari, na usikimbilie kumwaga oili na kutia mpya ukadhani umemaliza, kwa maana hiyo mpya nayo itanuka wiki ijayo. Tafuta inakoingilia. Na kabla hujamtaja mtu yeyote, jiulize kwanza wewe uliambiwa nini ukapuuza.

Halafu chukua simu yako sasa hivi, mbele yangu, uandike kwenye kundi lile lile, siyo kwake faraghani, kwamba fundi alikuonya na wewe ndiye uliyekosea. Watakucheka. Wacha wakucheke, kicheko chao kitaisha jioni. Ukishaandika, uende Kinoo ukamwonyeshe.

Mungu akupe ulimi mwepesi kuliko wangu, mwanangu, na akujaalie useme "nimekosa" wakati watu walewale bado wako hai na bado wanasikia.