Chafya ya Sista Kwamboka

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, niliona kwa macho yangu mwanamke wa Kisii akigeuka kuwa mama mkwe wa nyanya yangu kwa chafya moja tu. Nacheka ninapoandika haya, na tangu tumzike mwanamke huyo mapema mwaka huu, kila nikicheka machozi nayo yanakuja. Yeye mwenyewe hakupenda kilio kirefu. Kwa hiyo nitaisimulia habari hii kwa mbio, kwa sababu ilitokea kwa mbio.

Tulimwita Sista Kwamboka. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya shamba kubwa la chai mpaka akastaafu, na badala ya kurudi kwao akanunua kipande cha ardhi karibu na kwetu Kimulot, kule ambako chai inaishia na msitu wa Mau unaanza. Watu walidhani amekuja kupumzika. Wapi! Kila asubuhi alivaa gambuti zake, akatia mkoba begani, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba bila kulipwa na mtu: nani ana mimba, nani anakohoa, mtoto wa nani hajachanjwa. Siku za kuuza majani ya chai alitundika mizani yake ya watoto pale kituoni wanaponunulia, kando ya mizani ya chai, na kina mama wakishapima majani wanapima na watoto. Akimtoa mtoto mnene kwenye mkanda alisema, "Huyu ni majani mawili na chipukizi, daraja la kwanza hili!" Kituo kizima kilicheka, hata karani.

Mtu mmoja tu hakumkubali, naye ni Kogo, nyanya yangu mzaa baba.

Si kwamba Kogo alikuwa na roho mbaya. Kwetu Wakipsigis, wazee waliamini kwamba mtoto haji peke yake. Kuna mtu wa ukoo aliyekufa zamani anayerudi kupitia kwake, na kazi ya kina mama ni kumtambua. Wanaketi na mtoto, wanaita majina ya wafu mojamoja, na mtoto akipiga chafya, basi, mwenye jina ameitika. Akichelewa walimsaidia kwa ugoro kidogo puani. Kogo alishika jambo hili kuliko wengi kwa sababu lilikuwa limemuumiza. Kaka yangu aliyenifuata alikimbizwa hospitali kabla ya kuitiwa jina, na hakurudi. "Alienda bila mtu wa kumshika mkono," Kogo alisema, na hapo aliapa kwamba hakuna mtoto mwingine atakayevuka lango lake bila jina.

Tena nieleze jambo moja zaidi. Kogo hakuogopa chifu, hakuogopa mchungaji, hakuogopa ng'ombe dume. Duniani aliwahi kumwogopa mtu mmoja, mama mkwe wake Taprandich, aliyekufa kabla sijazaliwa. Taprandich, tuliambiwa, hakuwa mtu wa kurudia neno. Hata miaka yote ile baadaye, Kogo akimtaja alishusha sauti na kuketi vizuri.

Basi mdogo wangu Cherop akazaliwa nyumbani, mvua ikinyesha vibaya na njia zote zikiwa tope. Cherop ni jina la aliyezaliwa mvua ikinyesha tu; jina la ukoo lilikuwa bado. Siku chache zilipita. Baba alikuwa kazini Kericho. Senge Rael, dada yake Baba, alikuwa amekuja kwa ajili ya kuita jina, na mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya sketi yake nisifukuzwe, maana nilikuwa na hamu mno ya kujua ni nani amerudi kwetu. Ndipo Sista akabisha mlango.

Alimbeba mtoto mpaka kwenye mwanga, akamtazama macho, akamfinya unyayo. Mtoto hakulia.

"Hanyonyi?" aliuliza.

"Tangu jana," Mama akasema, na sauti ikamkatika.

"Ameanza kuwa wa manjano. Huyu anataka hospitali leo leo. Lori ya majani bado iko kituoni. Ikitoka hiyo, na hii barabara, hakuna gari ingine mpaka kesho."

"Hana jina la ukoo," Kogo akasema.

"Kogo, jina atapata huko."

"Hata yule mwingine mlisema hivyo."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amekuja kuolewa pale, na neno la Kogo ndilo lililokuwa neno. Nilimwona akimvuta mtoto kifuani na kuanza kulia kimyakimya. Nilielewa, kwa akili yangu ndogo, kwamba mtoto wetu anaweza kufa hapa hapa watu wakiwa wamesimama.

Sista hakubishana. "Basi muite haraka," alisema. "Lakini ugoro hapana. Kifua chake hakiwezi."

Kogo akaanza. Aliita Tabutany. Aliita Tapkigen. Aliita shangazi na nyanya wa zamani ambao hata Senge Rael hakuwajua. Cherop alilala tu, hakuwa na nguvu hata ya kukunja uso. Kule chini honi ya lori ikalia mara ya kwanza, ile ya kuwaambia watu wamalize kupakia. Kogo akatoa pembe yake ndogo, akamwaga ugoro kiganjani, na kuusogeza puani kwa mtoto. Sista aliinama mara moja, akamkinga Cherop kwa mwili wake. Na wakati huo huo upepo wa Mau ukaingia mlangoni, na Kogo akaita kwa nguvu:

"Taprandich!"

Sista akapiga chafya.

Haikuwa chafya ya kanisani! Ilipasuka hadi kitambaa chake cha kichwa kikaanguka, na kuku aliyekuwa ameatamia chini ya kitanda akatoka nje akipiga kelele. Senge Rael akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Uui! Taprandich ameitika!"

"Lakini si mtoto aliyepiga," Mama akanong'ona.

"Ameitika! Mtu akishaitika ameitika. Utamrudisha wapi?"

Kogo alikuwa bado amenyoosha kiganja wazi, ugoro wote umepeperuka. Alimtazama yule mwanamke wa kabila lingine, mdogo kwake kwa miaka mingi, mwenye pua nyekundu na gambuti za matope. Sista angeweza kucheka. Angeweza kusema yeye ni mtu wa kanisa na mambo haya hayamhusu. Nimeufikiria ule muda mfupi maisha yangu yote. Alimtazama Kogo, akamtazama mtoto, akanyoosha mgongo, na akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Sitarudia. Mtoto aende hospitali. Sasa hivi."

Kogo akasimama. Akachukua shuka lake ukutani.

"Eee, mama," alisema.

Jamani, tulivyokimbia! Tuliteremka katikati ya michai, Sista mbele na Cherop kifuani, Mama nyuma yake, Kogo akikusanya nguo zake juu ya magoti kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na mimi nimening'inia kwenye sketi ya Senge kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniambia nibaki. Lori lilikuwa limeshaanza kusogea. Senge Rael, ambaye sauti yake iliita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, alipiga ukemi mmoja na dereva akakanyaga breki. Mama na Sista wakaingia mbele na mtoto. Kogo, ambaye hakuwahi kupanda gari, akaanza kupanda juu ya magunia ya majani.

"Kogo, shuka! Huko juu watu hawaruhusiwi!" dereva akasema.

"Uliza mama mkwe yangu," Kogo akajibu, akimwonyesha Sista kwa kidole. "Yeye ndiye amesema."

Dereva akamtazama Sista, akamtazama Kogo, akaamua kuendesha. Alipita hospitali kwanza kabla ya kiwanda, na Mungu ambariki popote alipo. Njia nzima lori liliteleza kushoto na kulia, na Kogo pale juu, amelowa, hakuacha kuita majina.

Hospitalini walimchukua Cherop mara moja, wakamtundikia dawa, wakamlaza chini ya taa ya buluu macho yakiwa yamefunikwa. Kogo alishangaa sana. "Wamemwanika kama majani kiwandani," alimnong'oneza Senge. Lakini hakuondoka pale. Siku mtoto alipopata nguvu ya kulia, Kogo alikuwa ameinama kando yake akiita polepole, na Cherop akapiga chafya, ndogo, safi, bila ugoro wowote, kwa jina la Tapkigen. Muuguzi wa zamu alidhani wana wazimu, vile walivyoshangilia.

Tangu siku hiyo Kogo hakumwita Sista kwa jina lingine ila Mama. Maziwa ya kwanza ya mursik, yale ya kugandishwa kwenye kibuyu, yalikuwa ya Sista. Kiti kizuri kilikuwa cha Sista. Na Sista, mjanja yule, alikitumia cheo chake vizuri. Akitaka mwanamke fulani aende kliniki, alimwambia Kogo, na Kogo akachukua fimbo yake, akaenda mpaka kwa mlango wa mwanamke huyo, akasema, "Taprandich amesema." Ugoro kwa watoto ukaisha kijijini. Wazee wengine walinung'unika, lakini nani angebishana na marehemu?

Kisha ukaja msimu mmoja wa uchaguzi ambao watu walianza kutazamana kwa makabila, na ikasemwa kwamba walionunua ardhi kwetu warudi walikotoka. Asubuhi moja vijana walipofika kwa lango la Sista, walimkuta Kogo ameketi hapo kwenye kigoda chake, mzee kabisa wakati huo, macho hayaoni vizuri. "Mnamtafuta mama ya bwana yangu?" aliwauliza. "Nyinyi mmekuja hapa duniani mara moja. Huyu amekuja mara mbili. Sasa nani ni mgeni?" Mmoja wao alikuwa amepimwa na Sista pale kituoni akiwa mchanga, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka. Wengine wakamfuata. Kogo hakutoka langoni mpaka giza lilipoingia, na Sista alimletea uji hapo hapo.

Nilipokuwa mtu mzima, Kogo akiwa ameshafariki, nilimuuliza Sista kama ile chafya ilikuwa ya kweli. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Chebet, ugoro wa nyanyako ungepigisha hata ng'ombe chafya." Kisha akapangusa macho. "Lakini nilikuwa nimeitwa. Mtu akiitwa, si anaitika?"

Ni hilo tu alilowahi kusema. Mimi naimba kwaya kanisani, na sijui kama wafu wanarudi. Ninachojua ni kwamba aliitwa kila usiku wa mvua, kila nyumba, na mtu wa kwetu hakuwahi kumsikia akisema amestaafu.

Wiki iliyopita Cherop, yule yule wa manjano, alijifungua msichana. Mimi ndiye dada mkubwa, na Senge Rael alinikabidhi kazi hiyo, kwa hiyo mimi ndiye niliyeita. Hatukutia ugoro. Tulimpeleka mtoto mlangoni, jua la asubuhi likamwangaza uso, na nikaanza na jina la Kogo mwenyewe. Mtoto alilala. Nikaendelea. Nikafika kwa Taprandich, nikaita.

Akapiga chafya, kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Senge Rael, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alilia na kucheka pamoja. "Ni yupi?" akauliza. "Ni yule wa zamani ama ni Sista?"

Nilikuwa nimesimama bila kujua, na nilijisikia nikisema, "Eee, mama." Kisha nikamwambia Cherop atafute kadi ya kliniki na shuka la kumfunika mtoto, tuondoke sasa hivi, kwa sababu siku ya kupima watoto ilikuwa hiyo hiyo, na huyu hakuwa mtu wa kurudia neno.