Pikapu ya Mawindo na Maji Saba

Watu wakisikia kwamba mimi, mwanamke wa Mombasa mwenye mtandio wangu kichwani, nilikuwa mwindaji, hucheka kwanza halafu huniuliza kama ninatania. Sitanii. Kila majira ya baridi, kwa miaka kadhaa, nilikuwa ninaondoka Mayfair, mtaa wetu wa Johannesburg, alfajiri na bunduki imefungwa kwenye sanduku lake, ninashika njia ya kaskazini kwenda Limpopo, na jioni ninakuwa nimejilaza kifudifudi kwenye nyasi kavu nikimtazama tandala kwa darubini. Mume wangu alibaki na duka lake na watoto. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba mkewe ameenda sokoni mbali kidogo.

Nilianza kwa bahati. Ofisini kwetu, ambako mimi ni mhasibu, kulikuwa na bibi mmoja Mzungu wa Kiafrikana, mkubwa wangu, ambaye familia yake ilikuwa na shamba la wanyama. Alinialika nikapumzike, nikaenda, akanipa bunduki nijaribu kupiga kopo, nikalipiga. Akaweka jingine, nikalipiga. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama juu ya hesabu zangu, na hesabu zangu ni nzuri. Basi nikanaswa. Nilipomwangusha swala wangu wa kwanza walinipaka damu yake usoni, ndiyo desturi yao kwa mgeni, nami nikacheka nao, nikanawa kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa mwangalifu, au nilijiona mwangalifu. Nilisema bismillahi kabla ya kufyatua. Nilikimbia na kisu nimuwahi mnyama akiwa hai. Nyama yangu niliichuna mwenyewe, nikaiweka kwenye masanduku ya barafu, na masanduku yakakaa ndani, kwenye kiti cha nyuma, si kule nyuma ya pikapu, chini ya kanopi, kile kifuniko chake chenye kufuli. Kwa hiyo asije mtu akasema sikujua. Nilijua vizuri sana.

Kule nyuma ya pikapu walipakiwa ngiri.

Ngiri ni adha kwa mwenye shamba. Wanachimba chini ya ua wa waya, na kwenye tundu lao wanapita fisi na mbwa mwitu wakala ndama. Kwa hiyo ilikuwa adabu ya pale kwamba mgeni aliyepewa swala apunguze na ngiri, na ngiri wakapewa wafanyakazi wa shamba, ambao walikuwa wakishangilia wakiona gari linakuja. Mara ya kwanza bibi aliponiomba, nilitaka kumwambia kwamba kumpiga nitampiga, ila gari langu lisimbebe. Nikamwona amesimama na kofia yake mkononi, amenikaribisha kwake mwaka wa pili huo, ananipikia samaki peke yangu ili nisiguse chungu chao. Nikaona haya. Nikaona nitaonekana ninajitenga, ninawanyanyapaa. Nikasema, "Sharp, sawa, pakieni." Tukatandika turubai, damu ikapita chini ya turubai, tukapiga maji ya mpira, tukasahau. Wakati mwingine ukaja, nikasema sharp tena. Baada ya hapo hakuna aliyeniomba, walipakia tu.

Yakaisha. Bibi alistaafu, shamba likakodishwa kwa watu nisiowajua, na mimi nikabaki na pikapu ya fowili imejaa mlangoni kwetu, kwenye mtaa ambao hata baiskeli mbili hupishana kwa kuombana radhi. Majirani walinung'unika. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, alianza kushuka kona moja kabla ya shule ili wenzake wasimwone. Nikaamua kuiuza. Nikapiga picha, nikaweka tangazo.

Sitaki kuwasimulia wote waliokuja. Waliopiga mateke matairi walikuwa wengi. Aliyekuja kwa nia alikuwa fundi cherehani Mkongo wa mtaa wa La Rochelle, mtu mpole aliyevaa suti ya rangi ya divai, akitafuta gari la kubebea viti na spika za kanisa lao. Aliikagua kuliko wote. Akapanda nyuma, akachutama, akakwaruza kwa ukucha kwenye mshono wa bati.

"Mama, hii ni damu?"

"Ya porini," nikasema.

"Damu ya nyama gani?"

"Ngiri."

"Ngulube ya pori! Eish, mama, ile nyama iko mutamu!" Akacheka mpaka akashika kiuno. Nikacheka naye. Akasema atarudi siku ya posho, yaani Jumamosi, tumalize mambo. Tukapeana mikono na nikaingia ndani nikiwa mwepesi kabisa. Ilikuwa Jumatano.

Jioni ile ile, baada ya swala ya alasiri, mzee akapiga hodi.

Huyu mzee nimweleze. Ni Msomali wa Garissa, ana duka la vitambaa mtaa wa pili. Tulipofika Johannesburg, mimi na mume wangu na mtoto mchanga na anwani ya mtu aliyekuwa ameshahama, ndiye aliyetuona tumekaa kwenye mabegi nje ya msikiti akatufungulia chumba nyuma ya duka lake. Hatuna undugu naye. Lakini ninamwita baba, na watoto wangu wanamwita babu, na mimi kila nikipata jambo la kujivunia humpelekea yeye kwanza. Nyama yangu ya swala ilikuwa inaanzia kwake. Huwaambia watu, "Huyu mtoto wangu nyama yake unakula bila kuuliza." Maneno hayo alikuwa akiyasema mbele za watu, kwa sauti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unauza gari."

"Ninauza."

"Hiyo gari usiuzie mtu. Kamati ya mazishi inataka."

Nilijua habari yenyewe, mtaa mzima ulijua. Wiki chache nyuma gari la kukodi lilikuwa limezimika kwenye robot, yaani taa za barabarani, jeneza ndani, na wafiwa wakashuka kulisukuma huku madereva wanapiga honi. Mzee alikuwa miongoni mwa waliosukuma. Aliniambia kwamba tangu siku hiyo hajalala vizuri, na kwamba yangu ni ndefu nyuma, ina nguvu, na imetoka kwa mtu anayemjua. Akazunguka akaitazama, akaweka kiganja kwenye bati la nyuma, pale pale.

"Huku umebeba nini?"

Aliuliza kwa wema, kama mtu anavyouliza habari za safari.

"Swala," nikasema. "Na tandala."

"Alhamdulillahi," akasema. "Ijumaa asubuhi nakuja kuchukua."

Sasa niseme wazi, kwa asiyejua. Sisi wa pwani, na Wasomali vilevile, tumefundishwa chuoni, yaani madrasa, tungali wadogo kwamba kilichoguswa na mbwa au nguruwe kwa unyevu hakitakati kwa maji ya kawaida. Kinaoshwa maji saba, moja kati ya hayo liwe na udongo safi. Ngiri ni nguruwe wa porini, hapo hakuna mjadala. Na mimi nilikuwa nimemuuzia mzee, ili walazwe Waislamu waliokwisha kukoshwa na kuvikwa sanda, bati lililolowa damu ya ngiri misimu kadhaa. Ningeweza kumkimbilia hata kabla hajafika kona. Nilisimama na komeo mkononi nikamsikiliza akikohoa mpaka akapotea.

Nikajipa dawa: nitaiosha mwenyewe, maji saba, itatakata kweli, na hatakuwa amedanganywa. Fundi wa La Rochelle nikamwandikia ujumbe kwamba gari limepata mtu, akanijibu kwa kunitakia baraka, jambo lililonizidishia aibu.

Kuosha kwenyewe ndiko kulikonionyesha nilivyo. Kwa vijana wa kuosha magari sikuweza kwenda, maana ningewaambia nini? Wapake tope, kisha walitoe? Na pale kwao wanapita waumini wa mtaa mzima. Mtu yeyote aliyepita chuoni akiona gari linapakwa udongo anajua moja kwa moja limebeba nini. Nyumbani ua wote ni saruji. Udongo wa vyungu vya maua una mbolea ya ng'ombe, haufai. Alhamisi, badala ya chakula cha mchana, nilitoka ofisini na ndoo, nikaingia kwenye kiwanja kitupu karibu na reli, nikachota udongo mwekundu kwa kijiko kikubwa cha wali, na sketi yangu ya kazini na viatu vya kisigino. Mlinzi wa kiwanja alinitazama. Nikamwambia ni wa kupandia mbegu. Hata yeye, mtu nisiyemjua, nilimdanganya.

Ijumaa nikaomba ruhusa ya asubuhi. Baada ya alfajiri mume wangu akaenda kufungua duka, watoto bado wamelala, nikaingiza gari uani, nikafunga geti, nikavua soksi. Maji ya kwanza nikayachanganya na udongo, nikasugua kwa brashi kwenye kila mshono, nikatoa kwa mpira. Nikamimina ya pili. Tope lilikuwa limejaa hadi kwenye viwiko vyangu na mtandio umenianguka shingoni niliposikia geti linasukumwa. Komeo sikuwa nimelikaza.

Mzee. Alikuwa amekuja mapema kwa sababu usiku ule alikuwa amefariki mtu, na alitakiwa kuzikwa baada ya swala ya Ijumaa. Alianza kunieleza akiwa bado anaingia, "Mwanangu, nisamehe, kuna msiba," kisha akaona. Aliona ndoo ya udongo, akaona brashi, akaona maji mekundu yanayotiririka kuelekea mtaroni. Akalirudisha geti nyuma yake. Uso wangu nikakosa pa kuuweka. Nilimtazama viatu.

Nikangoja aniulize ni mbwa au ni nguruwe. Nikangoja aseme, "Si ulisema swala?" Nilikuwa nimejitayarisha kulia.

"Umefika maji ya ngapi?" akauliza.

"Ya pili, baba."

Akavua koti akalitundika kwenye kioo cha pembeni, akakunja suruali, akachukua mpira mkononi mwangu.

"Baba, nilitaka kukuambia..."

"Osha kwanza."

Tukaosha. Yeye alimwaga, mimi nilisugua. Aliyahesabu kwa sauti, pole pole, bila hasira, jinsi anavyomhesabia mteja mita za kitambaa. Maji yalikuwa ya baridi, nikamwomba aniachie, akakataa. Alipomaliza ya saba akafunga bomba, akafuta mikono kwenye leso yake.

"Kitu kikioshwa, kimeoshwa," akasema. Akavaa koti, akabana kufuli la kanopi, akapanda, akaitoa uani kinyumenyume kwa shida, akaenda.

Nilikaa kwenye ngazi nikiwa nimelowa. Aibu ilikuwepo lakini nilihisi na nafuu, siwezi kukataa. Nilijiambia: ameona, hakunifukuza, yameisha. Nilipoingia ndani kubadilisha nguo nikaona ufunguo wa kufuli la kanopi umebaki mezani. Bila huo jeneza lisingeingia. Nikavaa buibui haraka nikakimbia msikitini.

Wanaume kama kumi walikuwa wamesimama kuzunguka gari, karibu na mlango. Kijana mmoja Mtanzania, mwanafunzi wa dini, alikuwa ameinama nyuma. Alipitisha kidole chini ya bawaba ya mlango wa nyuma, kikatoka chekundu.

"Mzee," akasema, "hili gari limetiwa udongo. Kuna nini?"

Wote wakageuka. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yao, ufunguo kiganjani.

"Mbwa," mzee akasema. "Nililiacha wazi kwangu, mbwa akapanda akalala humo. Nimeliosha maji saba asubuhi hii. Liko safi."

Sijawahi kumsikia mzee huyu akisema uongo, hata ule mdogo wa dukani wa kumwambia mteja kwamba rangi haichuji. Kwa watu wale neno lake linatosha, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Kijana akafuta kidole, akatikisa kichwa.

"Lakini mzee, gari la maiti unaliacha wazi? Uzembe gani huu?"

Wengine wakacheka kidogo, cheko la kumtania mtu mzima aliyesahau. Mmoja akasema umri sasa unamwelemea, ufunguo wa gari akabidhiwe mwingine. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno machache tu ya kusema, na wote wangenisikia. Mzee akaniona juu ya mabega yao, akanyoosha mkono.

"Mwanangu ameniletea ufunguo," akasema. "Lete, mama. Kisha nenda nyumbani, maiti anangojwa."

Nikapita katikati yao nikampa. Akanishukuru mbele yao, na akamgeukia yule kijana akamwomba radhi kwa uzembe wake, kichwa ameinamisha kama mtu aliyekosa kweli. Nikamwacha anaomba radhi, nikaenda nyumbani.