Jiwe refu ya ku njia ya Komanda: namna nilikunja ukuta wangu

Wakubwa wa humu, mbote. Hii sikuambiwa na mutu, ni yangu mwenyewe, na wa Bunia wanaweza kupita kuiangalia na macho yao.

Siye wengine hatukusoma. Mimi niliacha masomo ku primaire, nikaanza kupakia mbao za watu. Leo niko na kamio tatu za kubeba mbao na depo yangu ku njia ya Komanda. Sijisifu, ni vile iko.

Mbele ya depo kuko jiwe moja refu, imesimama kama kidole, juu imechongoka.

Nani aliisimamisha? Wengine wanasema Wabelgiji wa barabara, wengine wanasema ilikuwa pale mbele yao kufika. Maandiko yake ilifutika. Asubuhi ya ukungu unaona ncha tu, inaelea. Jua ikitoka, kivuli inakuja polepole mpaka ndani ya depo, kama mutu anayeingia bila kubisha hodi.

Tena barabara inajikunja pale. Mashini zote za kutengeneza njia, toka zamani, zinazunguka jiwe. Mutu wa kwanza kutaka mustari munyoofu ni mimi: nilikuwa najenga ukuta ya depo, na jiwe ilikuwa ku mustari yake. Kamio zangu zilikosa nafasi ya kugeuka.

Nikaleta mafundi na nyundo. Tukamukuta Mama Furaha, muuza mikate, amekaa pale pake, mugongo ku jiwe.

"Mama, sogea kidogo, tuvunje."

"Patron, siku ya kukimbia vita nilimuambia dada yangu Mapendo: tukipotezana, tukutane ku jiwe. Ukivunja, atanikuta wapi? Chini ya kamio yako?"

Mafundi wakacheka. Na mimi nikacheka. "Mama, miaka imepita mingi."

"Jiwe haina haraka. Ni weye iko na haraka."

Kivuli ilikuwa imefika ku viatu vyangu. Nikakumbuka: hata mama yangu alituambia vile vile siku ile, mizigo ku kichwa: ku jiwe. Siye tulikutana.

Nikaambia mafundi: mukunje ukuta, izunguke jiwe.

Kiisha watu wa État, serikali, wakakuja, wakapaka jiwe chokaa, wakasimamisha panneau, kibao ya maandiko: monument protégé, kuvunja ni kosa. Ku mutaa ya Mudzipela wanasema niliogopa État. Wakubwa, ukuta wangu ilikunjwa mbele ya panneau kufika. Muulize mafundi.

Juzi mama mumoja alishuka ku kamio ya Mahagi na kifurushi. Akaangalia nyumba mpya, macho ikapotea, kiisha ikafika ku jiwe. Mama Furaha akasimama, akapanguza mikono ku kikwembe.

Haikuwa yeye. Alikuwa anatafuta njia tu. Mama Furaha akamupa mukate, akakaa tena.

Somo niliyopata: mbele ya kuvunja, uliza nani anangojea pale.

Na nyiye, kwenu mulisema mutakutana wapi? Muandike hapa chini. Na kama kuko mutu anajua mama anaitwa Mapendo, alikimbia Bunia na dada yake, mumuambie jiwe ingali imesimama.

Dada yake iko chini yake, na mikate yake.