Kusemea Nyumba Yako

Mke wangu alikuwa tayari anapumua kwa taabu mwaka ule kanisa liliponichagua niende Ulaya. Nilitaka kukataa. Yeye akakataa nikatae. "Wewe nenda," akasema, "ukaone watu wa baridi wanaishi vipi. Mimi sifi kabla hujarudi. Nani atakupokea mzigo?" Alizoea kusema mambo mazito kwa mzaha, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kuyasema kwa urefu.

Kifua chake kilikuwa kimechoshwa na moshi. Daktari mmoja pale Kitui alituambia bila kuzunguka. Hakuvuta sigara hata siku moja, lakini alipika kwa mawe matatu tangu akiwa msichana kwao Tawa, katika jiko la mabati lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi wakati wa mvua na mabua ya mahindi wakati kuni zimekwisha. Alipobanwa sana tulimpeleka zahanati ya kanisa letu, huku upande wa Kanyangi. Kuna mashine ndogo pale inayochuja hewa na kumpa mgonjwa oksijeni kwa mrija wa puani. Mashine hiyo hutumia stima, umeme wa nguzo. Stima ikipotea, nayo hunyamaza. Na stima ya huku hupotea kila upepo ukipiga.

Nilikwenda kama mgeni wa kanisa rafiki ambalo limeshirikiana na letu kwa muda mrefu. Kijiji chao ni kidogo, ngano pande zote, na ng'ombe wao hulala katika nyumba nzuri kuliko yangu. Niliwakuta wakipanga jambo kubwa. Walitaka kuacha kupasha nyumba zao joto kwa mafuta, wajenge tanuri moja la kijiji linalochoma mabaki ya miti, na maji ya moto yapite chini ya ardhi mpaka kila nyumba. Paa la shule na la ghala yangewekwa paneli za jua. Mwenyeji wangu, mkulima mzee, alinieleza yote hayo kwa Kiingereza chake nami nikamjibu kwa changu, vyote viwili vikichechemea.

"Kabla ya moto, koti," aliniambia. "Nyumba isiyo na koti ukiipa moto, unaupasha upepo."

Alikuwa na maana ya kuta. Waliziongezea unene kwa nje, wakazifunika kama mtoto anavyofunikwa. Lakini kwanza walizipima. Alikuja mtu na feni kubwa, akaifunga kwenye mlango wa mbele kwa turubai, akafunga madirisha yote na kuiwasha. Nyumba ikawa kama inavuta pumzi. Kisha akazunguka na kijiti kinachotoa uzi mwembamba wa moshi, na pale moshi ulipoyumba akaweka alama ukutani kwamba hapa hewa inapita. Mwenyeji wangu alifurahia kila ufa uliopatikana. Mimi nilisimama pale katika koti la kuazima nikimfikiria mke wangu. Watu hawa walikuwa wakitafuta mahali upepo unapoingilia. Yeye, maisha yake yote, alitafuta mahali moshi ungetokea.

Mkutano wa kijiji ulifanywa katika ukumbi wa kanisa, viti vimepangwa duara, michoro imebandikwa ukutani. Sijawahi kuona Wakristo wakibishana vile mchana kweupe, na mchungaji wao ameketi hapo hapo akinywa kahawa. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo, na sheria yake ilikuwa moja tu. Mtu akisema, "Watu wanasema," alimkatiza: "Watu gani? Wewe sema kwa nyumba yako."

Mzee mmoja alilalamika kwamba nyumba yake iko mwisho wa njia, maji yatamfikia yamepoa. Mama kijana akasimama na kusema mtoto wake ana pumu. Je, moshi wa hilo tanuri utaelekea wapi? Walizozana juu ya huyo mtoto mmoja mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mama yake. Mwisho wakalihamisha tanuri katika mchoro, wakalipeleka ng'ambo ya pili ya kijiji, ambako upepo hupeleka moshi mashambani. Halafu wakakata keki, na waliokuwa wakifokeana wakapeana vipande.

Nikamuuliza mwenyeji wangu, "Yule mama haoni haya kumwombea mtoto wake mbele ya kijiji kizima?"

Akanitazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Amsemee nani mwingine? Mtoto wa jirani atasemewa na jirani."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu hai, kama alivyoahidi, nikamshukuru Mungu. Muda si mrefu kanisa rafiki likatuandikia kwamba litatupatia paneli na betri za jua, seti moja. Mahali pa kuziweka tuamue wenyewe, katika mkutano wa washirika wote, kama wanavyofanya wao. Kila mtu asikilizwe.

Palikuwa na mahali pawili tu. Zahanati ilikuwa na wanaojifungua, friji ya chanjo na ile mashine. Kanisa nalo lilikuwa na spika na kinanda, na vijana wetu walikuwa wameanza kuhamia kanisa jingine kando ya barabara kwa sababu ya muziki. Mchungaji alipenda ziwekwe kanisani. Si mtu mbaya. Amewabatiza wajukuu wangu, na mke wangu alipougua alikuja kumwona mara kwa mara, hata kwenye vumbi la Septemba.

Huku kwetu jambo halimalizwi ndani. Tunafungua kwa sala, mchungaji anaeleza, tunasema Amen, tunafunga kwa sala. Halafu nje kwenye lango, watu wakiwa wawili wawili, ndipo maneno ya kweli hutoka. Tena mtu hajiombei. Mwenye kutaka mke hutuma wazee. Mwenye njaa hukaa kimya mpaka jirani amsemee. Hiyo ndiyo heshima niliyolelewa nayo na siidharau. Lakini siku ile nilikuwa nimeacha mgonjwa kitandani akihesabu pumzi, nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi nasema kwa nyumba yangu. Mke wangu anaishi kwa ile mashine ya zahanati. Stima ikipotea atakufa. Naomba paneli ziwekwe kule."

Mzee mwenzangu, rafiki yangu tangu tuliposomea uinjilisti pamoja, akatingisha kichwa. "Haya! Mzee walimlisha jibini huko, amesahau adabu." Watu wakacheka. Akaendelea, sasa bila mzaha: "Tukifanya hivyo watasema tumemwekea mama watoto wa mzee wa kanisa. Kesho mwingine atataka paneli za ng'ombe wake."

"Tunamshukuru mzee kwa uwazi wake," mchungaji akasema kwa upole. "Tuendelee kumwombea mama yetu. Wanaoona ziwekwe hapa kanisani, waseme Amen."

Wakasema Amen.

Kwenye lango kiongozi wa akina mama alinivuta kando. Alikuwa amekasirika hadi sauti ikatetemeka. "Mzee, umetuharibia."

"Nimeharibu nini?"

"Sisi akina mama tulikuwa tumepatana. Mimi ningesema zahanati, kwa ajili ya wanaojifungua. Ulipomtaja mama, nani tena angefungua mdomo? Ingeonekana umetutuma."

"Si mngesema kabla yangu?"

"Tulikuwa tunangoja wanaume wamalize."

Nilimweleza mke wangu yote, kwa maana alikuwa akiningojea kwa hamu. Akaniuliza, "Kwa hiyo mmenipigia Amen?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nami nikamshika mgongo mpaka kikapita. "Huko Ulaya walikufundisha kuomba kama mtoto anayelilia nyama," akasema. Kisha akaniambia nisigombane na kanisa kwa ajili ya pumzi yake, kwa kuwa pumzi ni ya Mungu. Nilitii. Tangu siku ile sikulizungumza tena, si langoni wala penginepo.

Fundi alitoka Kibwezi akafunga paneli juu ya paa la kanisa, na betri na kisanduku cha taa ndogo ukutani karibu na kinanda. Akatuonya kwamba taa ikiwa nyekundu mtambo utajizima wenyewe ili betri zisife. Kusema haki, kazi yake ilikuwa nzuri. Baadhi ya vijana walirudi. Mke wangu, siku alizoweza kufika, aliketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango ili apate hewa, na aliniambia kwamba sasa anasikia kila neno. Alifurahi kwa kweli.

Mvua za vuli zilikuja na upepo. Kabla yake tulikuwa na juma la maombi na kufunga, spika zikisema tangu asubuhi hadi jioni, na jua lilikuwa limejificha nyuma ya mawingu siku zote hizo. Mke wangu alikuwa zahanati, amebanwa. Mchana mmoja nguzo za stima zikaanguka kando ya barabara. Mashine ikapiga kelele kidogo, ikanyamaza. Jenereta ya zahanati ilikuwa imekufa zamani.

"Tumpeleke kanisani," nesi akasema. "Haraka!"

Tulimbeba juu ya godoro katika mvua, tukavuka uwanja ulio kati ya zahanati na kanisa. Mchungaji alikuja mbio kutoka nyumbani kwake, akaibeba mashine kifuani, ameifunika kwa koti lake. Aling'oa waya za kinanda na za spika kwa mikono yake mwenyewe, akachomeka mashine. Ikalia. Midomo ya mke wangu, iliyokuwa imegeuka rangi ya majivu, ikaanza kurudia rangi yake. Akafumbua macho, akaangalia mahali alipo, chini kabisa ya mimbari.

"Leo nimekaa mbele," akanong'ona, "kama mke wa mchungaji."

Tukacheka, hata mchungaji, na sisi wote tulikuwa tumelowa. Nesi alikuwa akipiga simu Kitui. Gari lingekuja, walisema, lakini mto ulikuwa umefunika daraja na lingesubiri maji yapungue. Nikageuka kutazama kisanduku cha ukutani. Taa ilikuwa nyekundu.

Mchungaji naye aliiona. Akakigusa kisanduku, akabonyeza kila kitu kilichobonyezeka, akatoka nje kwenye mvua kutazama mbingu, akarudi. Mashine ikazimika. Baada ya hapo tulisikia mvua tu juu ya mabati. Mke wangu alijipumulia mwenyewe kwa muda, akinishika mkono wa shati. Hakusema neno tena. Mchungaji alianza kuomba kwa sauti, kisha akashindwa, akaketi sakafuni karibu na miguu yake. Ndivyo alivyotutoka.

Sijui kama betri hizo, lau zisingetumika kwa nyimbo, zingemvusha mpaka maji yapungue. Nesi aliniambia mapafu yalikuwa yamekwisha, kwamba ingekuwa wiki ile au ifuatayo. Kuna siku ninamwamini.

Baada ya maziko wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Rafiki yangu, yule wa jibini, ndiye aliyetangulizwa aseme. Alizungusha kikombe cha chai mikononi mpaka chai ikapoa.

"Mzee," akasema, "tumeona zile paneli zihamishwe zahanati. Lakini lazima mtu alitoe neno hilo mkutanoni. Tumekubaliana ni wewe."

"Nililitoa. Mlinicheka."

"Wakati ule ulikuwa na mgonjwa. Sasa huna unachojitafutia. Neno lako ni safi."

Alisema kwa nia njema kabisa. Machozi yalikuwa yakimtoka. Nilimtazama mtu huyu niliyekula naye na kuomba naye maisha yangu yote, na nikaona kwamba anachokisema ni kweli kwetu sisi, na hakuna aliyekitunga ili aniumize. Nikamwambia nitasema. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa mpaka waondoke.

Mkutanoni nilieleza kwa maneno machache habari za wanaojifungua, chanjo na mashine. Kabla sijamaliza, Amen ilijaa nyumba nzima. Watu walidhani nitaketi, lakini sikuketi. Kwenye benchi la upande wa akina mama alikuwapo mwanamke ambaye mumewe alivunja kokoto miaka mingi na sasa hulala ameketi kwa sababu ya kifua. Sote tulijua.

"Kuna mwenye mgonjwa nyumbani anayetaka kusema?" nikauliza.

Mchungaji alingoja, tena alingoja kuliko desturi yake. Yule mwanamke alifunga fundo kwenye ncha ya leso yake, akalifungua, akalifunga tena. Hakuinua uso.

Basi nikamsemea bila kumtaja. Niliomba betri hizo zisiunganishwe na spika, wala taa ya mlinzi, wala mtu asichaji simu pale. Ziwe za mashine, chumba cha kujifungulia na friji tu. Wakasema Amen tena. Rafiki yangu aliisema amefumba macho.

Fundi aliitwa kutoka Kibwezi, akazishusha paneli, akazipandisha upande wa pili wa uwanja. Nilimshukuru Mungu, kwa maana nimefundishwa kushukuru kwa kila jambo na sijui njia nyingine ya kuishi. Lakini siku ya mkutano ule nilitembea hadi nyumbani, nikafungua mlango, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza ulikwendaje.