Majibu Niliyoambiwa Niyakosee

Utotoni ungeniuliza nani ananipenda, ningekujibu kabla hujamaliza: mama. Baba alikuwa na fimbo ya kuchungia ng'ombe, na sisi watoto ilituhusu vilevile. Ukichelewa kisimani, fimbo. Mama hakuwahi kuninyanyulia hata kidole. Aliniita ng'wanone, mwanangu, akanijazia karanga kwenye michembe yangu ya viazi vikavu, na kila jambo zito aliniambia kwa kunong'ona.

Ndivyo alivyoninong'oneza jioni moja tukikata viazi vya kuanika, mtihani wa darasa la saba ukikaribia. "Ng'wanone, huko usijitie kujua. Chagua majibu ya uongo. Kaka yako anataka kuoa, na ng'ombe watatoka wapi kama si kwenye mahari yako? Baba yako asijue."

Usishangae, huku kwetu si mimi wa kwanza. Sekondari niliitamani hadi naiota. Lakini nani amkatalie mama asiyegomba? Fimbo ya baba nilishazoea kuibishia moyoni. Upole wa mama sikuwa na kinga nao. Maswali niliyoyajua fika niliyakosea makusudi, machozi yakinilengalenga.

Matokeo yalipotoka, baba alinichapa mpaka fimbo ikavunjika. "Nilishakutengea dume la kuuza uende sekondari!" alifoka. Loh! Kumbe yule mkali ndiye aliyekuwa upande wangu. Nikamtazama mama aseme. Alikuwa anasonga ugali. Akasema taratibu, "Mzee, mwache. Si kila mtoto kajaliwa akili."

Kikulacho ki nguoni mwako, jamani! Nami nikanyamaza, maana ningesema, angechapwa yeye. Hata siku hiyo nilimkinga.

Nikaolewa huko Masumbwe, ng'ombe wakaenda kwetu, kaka akaoa. Baba alifariki akiamini amezaa mjinga. Hilo sijamsamehe mama, na sioni nitakavyomsamehe.

Sasa mama ni mzee, anaishi kwangu. Shikamoo nampa, chakula nampa, akiumwa namuuguza. Ila nyumbani kwangu sheria ni moja: hakuna kunong'onezana. Binti yangu yuko darasa la saba. Nikiwakuta yeye na bibi yake vichwa vimekutana, napaza sauti: "Semeni na mimi nisikie!" Majirani wanasema nimekuwa mkali kama marehemu baba. Waseme. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nililelewa na wawili.

Juzi nilirudi kutoka sokoni nikawakuta jikoni wanakata viazi. Waliponiona wakanyamaza ghafla. "Alikuwa anakwambia nini? Sema!" Nilifoka mpaka kuku wakatimka.

Binti yangu akaweka kisu chini, akanikazia macho. "Mama, wewe kazi yako kufoka tu. Bibi ndiye ananipenda."

Nikamtazama mama aseme. Akaendelea kukata viazi.