Mikono ya Shamim Ilipoganda

Tahiru alikuwa fundi wa redio pale Arua, kaskazini mwa Uganda, kwa miaka ishirini na miwili, mpaka redio zikaanza kupungua mezani kwake. Watu wakaleta simu, kisha wakaleta ruta, vile visanduku vya kusambaza intaneti. Hizo hakuzisomea popote. Alinunua moja mbovu, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, wiki tatu, hadi wakaelewana. Siku hizi mtu wa mtaa wa Awindiri akigomewa na intaneti nyumbani, humpigia yeye kwanza. Naye hagusi kitu kabla ya kuuliza: "Inakaa wapi?"

Jumanne moja asubuhi alipigiwa simu kutoka mji wa Koboko na binti aitwaye Zam.

"Mzee, kuja saidia mama. Waifai iko, lakini picha inaganda."

"Si aongee na simu ya kawaida kwanza? Mimi nakuja Jumamosi."

"Mama hasikii, mzee. Tangu utoto. Na mama mdogo Shamim, ile iko Arua, yeye pia. Wanaongea na mikono. Kusoma hawajui."

Tahiru aliona haya. Mchana huohuo alikuwa Koboko, mkoba wake begani.

Hawah, mama yake Zam, alikuwa mpishi wa harusi, mwanamke mnene mwenye bangili hadi nusu ya mkono. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kofia, akamwonyesha maji ya kunawa. Kwanza ale. Tahiru alipomaliza ndipo akauliza swali lake, na Zam akalitafsiri kwa vidole.

Hawah akatoa ufunguo, akafungua kabati la chuma. Ruta ilikuwa humo ndani, nyuma ya masinia ya alumini, imefungwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Aliipenda mno kuiacha ipigwe na vumbi.

Tahiru hakucheka. Alitoa tochi, akaiwasha, akaisimamisha pale ilipokaa ruta, akafunga mlango wa kabati. Kisha akainua mikono kuonyesha sebule nzima: mwanga uko wapi? Hawah aliangalia kabati, akaangalia kuta, akajipiga paji la uso. Kabla Zam hajafungua kinywa, mama mtu alikuwa amekwisha panda kiti na kuiweka ruta juu ya rafu karibu na dirisha.

Wakampigia Shamim kwa video. Uso wake ukatokea safi kabisa. Asubuhi ile alikuwa ametoka hospitali kupimwa macho, kwa maana kwa miezi kadhaa alikuwa akiona ukungu, na dada yake hakuwa amelala vizuri kwa kuwaza. Kiziwi akikosa macho, ataongea na nani? Shamim akainua mikono kueleza alichosema daktari. Picha ikaganda. Mikono ikabaki hewani, neno likiwa nusu.

Hawah alimshika Tahiru mkono, akaubana.

"Mama anasema, malizia ile neno," Zam akasema kwa sauti ndogo.

Sasa Tahiru aliacha kuangalia simu, akakaa kuiangalia ruta. Dakika tatu zikapita, ya nne, na taa zote zikazima kwa pamoja, kisha zikawaka upya, moja baada ya nyingine.

"Hii si mtandao," akasema. "Mtandao ikipotea, taa zingine zinabaki. Hii inakosa umeme."

Akachomoa chaja na kusoma maandishi yake madogo. Volti tisa. Ruta yenyewe ilidai kumi na mbili.

"Binti yangu, hapa nyumbani iko kitu ingine na waya kama hii?"

Zam akafunika mdomo. "Redio ya jikoni! Nilifagia, nikachomoa zote, nikarudisha bila kuangalia... Ndiyo maana inanguruma tangu Ramadhani!"

Hawah alimgeukia bintiye, na mikono yake ikaenda mbio mfululizo. Hapo Tahiru hakuhitaji mkalimani.

Chaja ya redio ikaletwa kwenye ruta, ile ya ruta ikapelekwa jikoni. Shamim akarudi, akasubiri aambiwe aanze tena, kisha akaeleza polepole. Mtoto wa jicho. Mwezi ujao atapasuliwa, ataona. Hawah akaketi sakafuni. Akalia, akacheka, akaanza kuuliza maswali, na dada hao wawili wakaongea karibu saa nzima. Tahiru alikuwa amesahau kuondoka. Nyumba ilijaa mazungumzo, na kilichosikika ni mlio wa bangili tu.

Wiki sita baadaye alikwenda kwa Shamim, kumbe si mbali na kwake. Bandeji ilikuwa imeondolewa siku chache nyuma. Alifunga ruta yake juu ukutani, akageuza kiti ili mwanga wa dirisha uangukie mikono, akapiga simu Koboko.

Hawah alitokea akiwa amevaa nguo yake nzuri. Shamim akaisogelea simu, akamtazama muda mrefu, paji la uso, mashavu, nywele zilizochungulia chini ya mtandio. Kisha akainua mikono.

Kule Koboko, Zam akaangua kicheko hata akashindwa kutafsiri. Tahiru akasisitiza aambiwe.

"Mama mdogo anasema," Zam akajikaza, "kumbe mama amezeeka hivi na yeye hakuna aliyemwambia!"

Hawah akajibu kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa unafuta machozi ya kucheka.